Mgahawa uleule, wiki hii mtamu, wiki ijayo mbovu: tuchague vipi?

Swali la msomaji: "Tunaishi pembezoni mwa mji, na wikendi tunapenda kula nje bila kwenda mbali. Tunaenda migahawa midogo ya karibu, watu wazima wanne na watoto watatu. Kinachotusumbua ni kwamba palepale tulipokula vizuri wiki iliyopita, wiki hii chakula kimepoa, kimechelewa au hakina ladha. Mwezi uliopita mtoto wetu mmoja alitapika usiku baada ya kula. Tunaangalia maoni ya watu mtandaoni lakini hayatusaidii sana. Tuchague vipi?"

Ndugu msomaji, pole kwa mtoto; nitarudi kwake huko mbele, kwa sababu huenda chakula mnachokilaumu sicho kilichomdhuru. Kwanza nikujibu hili la mgahawa kugeukageuka, maana lina sababu na linatabirika.

Mgahawa mdogo hubadilika zaidi kwa saa kuliko kwa mpishi. Kabla ya kuchagua mahali, chagueni saa, kisha chagueni chakula kinachofaa saa hiyo. Karibu kila jiko dogo hupika kwa njia mbili. Kuna vyakula vya sufuria: wali, maharage, mchuzi, supu, nyama ya kuchemsha. Hivi hupikwa kwa wingi kabla wateja hawajafika, vikasubiri. Na kuna vyakula vya papo kwa papo: mayai, samaki wa kukaanga, nyama ya kuchoma, chipsi, ambavyo huwekwa motoni mteja akishaagiza. Adui wa vya sufuria ni muda. Adui wa vya papo kwa papo ni msongamano. Ukishika hayo mawili, nusu ya kazi umeimaliza.

Maana yake ni hii. Watu wakiwa wamejaa, agizeni vya sufuria. Saa hiyo sufuria inapakuliwa mfululizo, inaisha, nyingine inaletwa ikiwa bado inachemka. Chakula hakipati nafasi ya kupoa wala kukauka. Watu wakipungua, agizeni vya papo kwa papo, kwa sababu mpishi ana nafasi ya kuangalia moto wenu peke yenu, na kilichobaki kwenye sufuria kimeshakaa. Familia nyingi hufanya kinyume: saa saba mchana, meza zote zimejaa, wanaagiza samaki mzima wa kukaanga kila mtu wake; saa kumi, mgahawa mtupu, wanaagiza wali na mchuzi kwa sababu "uko tayari". Mara ya kwanza wanalalamika kuchelewa, mara ya pili wanalalamika ubaridi. Jiko ni lile lile.

Chukueni hesabu ya sehemu za moto. Tuseme jikoni kuna sehemu nne za moto na kila sahani ya papo kwa papo inahitaji dakika kumi motoni. Kwa saa nzima, bila mpishi kupumua, zitatoka sahani 24. Ninyi mko saba. Mkiagiza vyakula saba tofauti, mmejaza jiko lote karibu mara mbili, na mbele yenu kuna meza nyingine tano. Mkiagiza aina mbili au tatu tu, mpishi anaweza kupika sahani tatu kwenye kikaango kimoja, na chakula chenu kitatoka kwa pamoja. Kwa kundi la watu saba na watoto ndani yake, aina tatu ndizo kiwango kizuri. Watoto waagizieni kitu cha sufuria kiletwe kwanza. Mtoto mwenye njaa hasubiri kikaango.

Saa yenyewe bora ni ile robo ya kwanza ya msongamano. Kama mnajua mgahawa hujaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu, fikeni saa sita na nusu, au dakika chache kabla. Sufuria za kwanza zimeiva, mafuta bado masafi, wahudumu hawajachoka, na vyoo vimesafishwa. Kufika mapema mno nako kuna hasara yake: saa tano chakula kinaweza kuwa hakijaiva, na mgahawa usio makini utawapashia moto kilichobaki jana ili msiondoke.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa ndipo afya ya watoto wenu ilipo. Shirika la Afya Duniani katika kanuni zake tano za chakula salama, zilizotolewa mwaka 2001, linasema chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzijoto 60 hadi kiliwe, na kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 bakteria huzaliana. Katika joto linalowafaa, wengi wao huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Bakteria 100 wanakuwa 800 baada ya saa moja, 6,400 baada ya mbili, na 409,600 baada ya saa nne. Ndiyo maana sufuria iliyoepuliwa saa tano, ikakaa kaunta bila moto, saa tisa si chakula kile kile tena.

Watu husema, "si watakipasha moto?" Kupasha moto huua bakteria wengi lakini hakuondoi kila kitu walichoacha. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayependa wali, ana mbegu zinazovumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa ukapoa polepole, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kuacha sumu inayoleta kutapika; sumu hiyo haivunjiki kwa kupashwa moto. Nyama na mchuzi mzito katika sufuria kubwa vina mgeni wao, Clostridium perfringens, ambaye huzaliana hasa sufuria inapopoa taratibu usiku kucha. Sufuria kubwa ni hatari zaidi kuliko ndogo kwa sababu katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi hata ikiwa ndani ya friji. Jikoni wanaojua kazi huhamisha chakula kwenye trei za kina kifupi kwanza.

Hamwezi kuingia na kipimajoto mfukoni, lakini macho yanatosha kwa sehemu kubwa. Simameni kaunta dakika mbili kabla ya kukaa, muangalie mhudumu anapofunua kifuniko. Mvuke unapaswa kupanda mara moja na kuendelea kupanda wakati anapakua. Mchuzi uwe unatikisika pembeni, si umetulia. Mkiona utando umeganda juu, mafuta yametengana na kukusanyika upande mmoja, au pembezoni mwa trei kuna mstari mkavu uliogeuka rangi, chakula hicho kimekaa muda mrefu na kimeshuka kina bila kukorogwa. Wali unaotoka kwa mabonge, juu mkavu na chini unata, umepoa kisha ukapashwa. Trei zinazokaa juu ya maji ya moto zina kasoro moja ambayo hata wenye migahawa wengi hawaijui: zimetengenezwa kutunza joto, haziwezi kupasha chakula baridi kwa haraka. Chakula cha jana kikimiminwa humo moja kwa moja kutoka friji, kitapita saa kadhaa katika joto lile lile bakteria wanalolipenda.

Kisha angalieni mikono. Kitu kimoja kinanipa imani na mgahawa kuliko sakafu inayong'aa: mtu anayepokea pesa hapakui chakula, au akipakua ananawa kwanza. Glavu zisiwadanganye. Glavu iliyoshika noti, simu na mlango wa friji ni mkono mchafu uliovaa plastiki, tena mbaya zaidi, kwa sababu aliyeivaa hahisi uchafu na hivyo hanawi. Kwenye jiko la kuchoma, fuateni koleo kwa macho. Likigeuza kuku mbichi, kisha likachukua kipande kilichoiva na kukiweka sahanini kwako bila kuoshwa, bakteria wa kuku mbichi wamehama pamoja nalo. Panatakiwa koleo mbili, moja ya vibichi na moja ya vilivyoiva. Ni kitu kidogo, hakigharimu, na anayekizingatia kwa kawaida huzingatia na mengine msiyoyaona.

Choo nacho kinasema kweli. Sitafuti marumaru, natafuta maji yanayotoka, sabuni iliyopo, na njia ya kukausha mikono. Wafanyakazi wengi wa migahawa midogo hutumia choo kilekile cha wateja. Kama ninyi hamna sabuni, mpishi naye hana.

Kwa vya kukaanga, tazameni mafuta. Mafuta mazuri hutoa mapovu makubwa pale tu chakula kinapoingia, kisha yanapungua. Mafuta yaliyochoka hutoa povu dogo jepesi linalosambaa juu na halitulii, hutoa moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, ni meusi na mazito, na harufu yake hushika nguo. Joto linalofaa kwa chipsi ni nyuzijoto 175 hadi 180. Wikendi, kosa la kawaida ni kujaza kikaango: chakula kingi baridi kikiingia kwa pamoja, joto linashuka, ganda halijifungi haraka, na chipsi zinatoka laini huku zimenyonya mafuta. Mkiletewa chipsi zilizolegea zinazong'aa, hamtakosea mkidhani wameelemewa na oda. Siku hiyo agizeni kingine.

Kuuliza kunasaidia, ila inategemea unauliza nini. "Ni cha leo?" ni swali lisilo na faida, kwa sababu hakuna atakayejibu hapana. Ulizeni, "Kitachukua dakika ngapi?" Kipande cha kuku chenye mfupa, kikianza kukaangwa kikiwa kibichi, kinahitaji dakika 12 hadi 18 kwenye mafuta, paja kwenye moto wa makaa linaweza kufika nusu saa na zaidi. Mkiambiwa dakika tano, kilishapikwa kabla. Hilo peke yake si kosa. Swali linalofuata ni kilikuwa kimekaa wapi, kwenye moto, kwenye friji au juu ya meza. Swali jingine zuri ni, "Leo kipi kimeisha?" Mgahawa ambao kitu huisha saa nane mchana ni mgahawa unaopika kwa kipimo. Ule ambao vyakula 60 vya kwenye menyu vipo vyote, saa zote, na jikoni kuna watu wawili, unaishi kwa friza na kupasha.

Jumapili ina matatizo yake, na nadhani ndiyo siku iliyowavuruga. Ijumaa na Jumamosi mizigo huingia na jikoni kunakuwa na wapishi wenye uzoefu. Jumapili wauzaji wengi wa jumla hawaleti, kwa hiyo mgahawa unatumia ulichonunua Ijumaa au Jumamosi. Mafuta yametumika siku mbili za watu wengi. Mara nyingi mpishi mkuu amepumzika. Hivyo Jumapili jioni mimi ningeepuka samaki, saladi zilizokatwa tayari na chochote chenye mayonezi, nikaagiza kitu kinachopita motoni mbele yangu: mayai yaliyoiva hadi kiini, nyama iliyochomwa, mboga zilizokaangwa papo hapo. Saladi nawatahadharisha nayo siku zote kwa watoto wadogo, kwa sababu hakuna moto utakaosahihisha kosa la ubao wa kukatia au la maji ya kuoshea. Barafu ni vilevile. Maji yasipokuwa salama, kugandishwa hakuyafanyi kuwa salama.

Kuhusu maoni ya mtandaoni: nyota husifu ladha, ukaribishaji na mahali pa kuegesha gari. Hazipimi joto la sufuria. Someni yale tu ya miezi mitatu ya karibuni, na humo mtafute yanayotaja siku na saa: "Jumapili saa kumi tulisubiri saa nzima." Maoni kumi yanayolalamikia saa ileile ni habari ya kweli kuhusu jiko hilo. Kama mnaishi mahali ambapo matokeo ya ukaguzi hubandikwa mlangoni, kama ifanyikavyo katika kaunti ya Los Angeles tangu 1998 na jiji la New York tangu 2010, ambako alama hutolewa kwa herufi, A ikiwa bora, someni herufi pamoja na tarehe ya ukaguzi. Alama nzuri ya muda mrefu uliopita inawaeleza wafanyakazi ambao huenda wameshaondoka.

Kwa familia kama yenu, ushauri wangu ni msiwe na mgahawa mmoja. Jengeni orodha ya mitatu: mmoja wa mchana mapema, wenye vyakula vizuri vya sufuria na wateja wengi, mmoja wa alasiri, unaopika papo kwa papo na usiojaa, na mmoja unaopokea oda kwa simu mkiwa na wageni. Kila mmoja ujaribuni mara mbili kabla ya kuuamini, siku ya kazi kukiwa kimya na wikendi watu wakiwa wengi, wazazi wawili tu, bila watoto. Mgahawa unaoyumba utajionyesha katika ziara ya pili. Mkiwa na wageni, pigeni simu siku moja kabla, mtaje idadi, saa, na aina mbili au tatu za chakula. Mwenye mgahawa anayejua kesho watakuja watu 12 saa saba hununua na kupika kwa ajili yao. Anayeshtukizwa hupasha alichonacho.

Kama kuna mwenye mzio, mwambieni mtu anayepika. Mhudumu anaweza kujibu kwa nia njema kwamba chakula hakina karanga, naye hajui kwamba kilikaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga karanga asubuhi. Moto wa kikaango haufuti mzio. Chembe za protini hubaki kwenye mafuta na kuhamia kwenye chipsi. Ulizeni mambo mawili mahususi: mafuta haya yamekaanga nini kingine, na kijiko hiki kinatumika kwenye sufuria ngapi. Wakisita kujibu, mtoto mwenye mzio asile hapo.

Sasa mtoto aliyetapika. Watu hulaumu mlo wa mwisho, lakini kila kidudu kina muda wake. Sumu ya wali, na ile ya bakteria Staphylococcus inayotoka kwenye mikono yenye vidonda au makamasi, huleta kutapika ndani ya nusu saa hadi saa sita au nane. Clostridium perfringens huleta tumbo kukata na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, kwa kawaida bila kutapika sana. Norovirusi huchukua saa 12 hadi 48. Salmonella huchukua saa 6 hadi siku 6, na mara nyingi huja na homa. Kwa hiyo kama mlikula saa nane mchana na mtoto akaanza kutapika saa mbili usiku, mgahawa unashukiwa, hasa wali au kitu kilichoshikwa kwa mikono. Kama alianza kabla hata ya nusu saa kupita, au kama alikuwa na homa, rudisheni kumbukumbu hadi milo ya siku mbili tatu zilizotangulia, pamoja na ya nyumbani na ya shule. Wakiugua watu wawili au zaidi waliokula chakula kimoja, toeni taarifa kwa maafisa wa afya wa eneo lenu, mkitaja siku, saa na chakula. Bila hayo hawawezi kufuatilia.

Akitapika tena, mpeni maji yenye chumvi na sukari kidogokidogo, kijiko kwa kijiko. Paketi za dukani za mchanganyiko huo ndizo bora. Zisipopatikana, lita moja ya maji safi kwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Msiongeze chumvi, kwani ikizidi inamdhuru. Damu kwenye choo, kutokojoa kwa muda mrefu, kulia bila machozi, kulegea au kutapika kila anachokunywa ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Na kuhusu mabaki, maana familia yenye watoto watatu haiondoki mikono mitupu: saa mbili zinahesabiwa tangu chakula kilipotoka motoni, na si tangu mlipofika nyumbani. Mkikaa mezani saa moja na nusu, kisha mkapita kwa jamaa, muda umekwisha. Siku za joto la zaidi ya nyuzijoto 32 ni saa moja tu. Ombeni kifungashio mapema, mfunge kile ambacho hakijaguswa na vijiko vya watoto, na nyumbani mkitandaze kwenye chombo cha kina kifupi, kisizidi sentimita tano, kiingie friji mara moja. Kipasheni mara moja tu, hadi kitoe mvuke hadi katikati. Nyama na mboga zinaweza kukaa siku tatu; wali uleni kesho yake, na ukibaki umwageni.